Kuchoma Konde Pemba: Choma Kidogo, Choma kwa Mpango

Masika ya Pemba hayamsubiri mtu. Mvua huanza kukaza katikati ya Machi, na mkulima ambaye bado hajasafisha konde lake huona njia moja tu ya haraka: kibiriti. Ndiyo maana Januari na Februari, Kaskazi inapovuma na majani yamekauka, moshi huonekana kila upande, kuanzia vilima vya Mkoani hadi maweni ya Micheweni. Sehemu kubwa ya moto huo ingeweza kuepukwa, na ule usioepukika unaweza kuwashwa kwa namna isiyomtia jirani hasara wala kuidhoofisha ardhi. Nitangulize msimamo wangu kabla ya maelekezo: usichome konde zima. Choma mabiwi ya miti migumu na vitu vilivyougua. Kilichobaki kiache kioze juu ya udongo.

Anza kwa kujiuliza moto huo unakufaa nini. Majivu yana potasiamu nyingi, yana chokaa, na fosforasi kidogo. Muhogo wa mwaka wa kwanza baada ya kuchoma hunawiri kwa sababu hiyo, na mkulima huamini kwamba moto ndio uliorutubisha. Asichokiona ni kilichopaa. Naitrojeni iliyokuwa ndani ya majani huondoka na moshi, pamoja na sehemu kubwa ya salfa, na ile tabaka nyembamba nyeusi ya mboji iliyojijenga kwa miaka huungua kwa muda mfupi. Majivu yenyewe hayakai. Pemba hupata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na kisiwa ni vilima na mabonde. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga mteremko ulio mtupu, majivu na udongo huteremka pamoja hadi kwenye mpunga wa bondeni.

Wazee wetu walichoma, ni kweli, na ardhi iliwavumilia. Lakini wao walikata mwitu, wakalima misimu miwili mitatu, kisha wakaliacha konde lipumzike miaka mingi mpaka mwitu ukarudi. Leo hali si hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 Pemba, katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Shamba la eka tatu alilopewa babu baada ya Mapinduzi limeshagawanywa kwa watoto na wajukuu. Konde halipumziki tena, na konde lisilopumzika halistahimili moto wa kila mwaka.

Kisha utazame udongo wako ni wa aina gani. Upande wa magharibi, kwenye mashamba ya mikarafuu ya Wete, Chake Chake na Mkoani, udongo mwingi ni mwekundu, wenye kina na tindikali kiasi. Huko majivu machache yana faida ya kweli. Mashariki na kaskazini mashariki, kwenye mawe ya matumbawe ya Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, mambo ni kinyume. Udongo wa maweni una chokaa tele tayari, kwa hiyo kuuongezea majivu ni kuuongezea kile ambacho haukihitaji, na mahindi yake huweza kugeuka manjano kwa kukosa madini ya chuma. Chukua jembe ufukue kwenye vishimo vya mawe: utakuta udongo mweusi wa kina cha kiganja tu, mwingine hata haufiki, na wote ni majani yaliyooza. Huo ndio shamba lenyewe. Anayechoma majani maweni anachoma udongo wake.

Vitu vinavyostahili moto

Viko vitu ambavyo ukiviacha vioze utajuta. Cha kwanza ni matawi ya mikarafuu yaliyokufa kwa ugonjwa. Mikarafuu ya Unguja na Pemba imesumbuliwa miaka mingi na magonjwa ya ukungu: moja hukausha tawi kuanzia nchani kurudi shinani, jingine huua mti mzima uliokuwa na afya katika muda mfupi, ndilo linaloitwa kifo cha ghafla. Tawi lililokauka likiachwa chini ya mti huendelea kutoa vimelea. Likate chini kidogo ya mahali ugonjwa ulipofikia, kwenye kuni nzima, ulitoe nje ya kivuli cha mikarafuu, ulichome. Kama mti mzima umekauka na unataka kuung'oa, usishike shoka kabla ya kuonana na afisa wa kilimo wa wilaya yako. Mkarafuu unalindwa na sheria Zanzibar, na mti uliokufa utakusumbua zaidi kuutolea maelezo baada ya kuukata kuliko kabla.

Cha pili ni muhogo wenye batobato kali au michirizi ya kahawia. Huu wa michirizi ni mdanganyifu, kwa sababu shina na majani huweza kuonekana hayana kitu. Ng'oa mzizi mmoja, ukate mapande: ukiona ndani madoa makavu ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa, ndio huo. Mashina ya muhogo huo yakitupwa pembeni ya konde huchipua, na nzi weupe huchukua ugonjwa kutoka machipukizi hayo hadi kwenye mbegu mpya uliyoipanda. Yakaushe na uyachome yote, wala usimpe mtu pingili zake.

Cha tatu ni magogo ya minazi. Mnazi uliokufa na kulala ndiyo nyumba ya mdudu aitwaye chonga. Huzaliana ndani ya gogo linalooza, kisha wakubwa huruka kwenda kutoboa vilele vya minazi michanga. Lakini hapa usikimbilie moto. Gogo zima ni gumu kuungua, na likishika moto huwaka kwa ndani siku kadhaa. Lipasue mbao na boriti kwanza, upate cha kuuza au cha kujengea. Mabaki yaliyooza ndiyo uyapeleke kwenye biwi.

Ukiondoa hayo, hubaki matawi mazito na visiki vya miti uliyofyeka, ambavyo havitaoza kabla ya kupanda. Majani, nyasi, mabua, makuti machache, maganda ya ndizi na magugu yasiyo na mbegu hayana haja ya kuchomwa. Mabua ya mpunga wapelekee ng'ombe au yarudishe bondeni.

Kabla ya siku yenyewe

Fyeka mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya mvua, ili matawi yapate wiki mbili tatu za kukauka. Biwi bichi hutoa moshi mzito, huhitaji kuchochewa, na mtu anayechochea moto ndiye anayeunguza uso. Usimwagie petroli kwa hali yoyote: mvuke wake hutambaa chini na kulipuka kabla hujarudi nyuma. Makuti makavu yanatosha kuwashia.

Kusanya mabiwi madogo mengi badala ya moja kubwa. Biwi lisizidi kifua cha mtu kwa urefu, na liwe mahali ambapo hutapanda mti, kwa sababu udongo chini yake utaokwa na vijidudu vyote vya juu vitakufa. Lipange mbali na mikarafuu, hatua kumi na tano za mtu mzima angalau kutoka ncha ya matawi yake. Wengi hupima kutoka shina, na hapo ndipo wanapokosea. Joto hupanda juu na kwenda pembeni. Majani ya mkarafuu huungua bila mwali kuyagusa, gome lake ni jembamba, na mizizi yake ya kulia iko juu juu.

Kuna jambo jingine kuhusu mkarafuu ambalo kila Mpemba analijua kwa pua lakini si kila mtu hulizingatia anapowasha moto. Kiwanda cha Wawi hukamua mafuta kutoka kwenye makonyo na majani ya mkarafuu. Basi zulia la majani makavu lililoko chini ya mikarafuu yako, na ya jirani yako, lina mafuta hayo hayo. Cheche moja ikitua hapo mwezi wa Februari, moto hukimbia. Kwa hiyo fagia majani chini ya kila mkarafuu ulio karibu na moto wako, mduara mzima mpaka udongo uonekane, na uyarudishe kazi ikiisha kwa sababu mti unayahitaji.

Halafu kata kinga moto kuzunguka eneo lote. Kinga moto ni ukanda uliolimwa mpaka udongo mtupu. Kufyeka tu hakutoshi, maana moto hutambaa kwenye mizizi na visiki vya nyasi. Upana wa mita tatu unafaa pale ambapo jirani ana muhogo mbichi au ndizi. Upande wa mikarafuu, upande wa mwitu mkavu, na upande wa juu wa kilima, fanya mita tano au sita. Ondoa pia matawi yanayoning'inia juu ya ukanda huo. Nyumba yenye paa la makuti ikiwa upande unakoelekea upepo, usichome kabisa siku hiyo, hata kinga yako iwe pana kiasi gani, kwa sababu cheche huruka juu ya kinga. Mashambani Pemba hakukosi makaburi. Yasafishe kwa mkono na uyazungushie kinga yake.

Mpe habari sheha, na siku mbili kabla umpitie kila jirani mwenyewe. Usitume mtoto. Mwambie siku, saa, na mabiwi mangapi, umuulize kama ana mizinga ya nyuki au mbuzi aliowafunga upande huo. Ukiwa karibu na Ngezi, Msitu Mkuu au msitu wowote wa hifadhi, nenda pia kwa maofisa wa misitu; Zanzibar ina sheria ya misitu tangu 1996, na shehia nyingi zinazopakana na misitu zina kamati zake za uhifadhi zenye taratibu zake kuhusu moto. Sisemi haya kwa kuogopa faini tu. Ngezi ni mabaki ya msitu uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa zamani, na popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine duniani, anategemea miti mirefu iliyobaki kulala na kula.

Siku ya kuchoma

Siku nzuri kuliko zote ni ile inayofuata manyunyu ya mwanzo ya masika. Ardhi na nyasi za pembeni zimelowa, lakini ndani ya biwi bado kukavu, hasa ukiwa umelifunika juu kwa makuti mabichi au turubai tangu jana yake. Moto wa siku hiyo hauna pa kukimbilia. Ajabu ni kwamba wengi huharakisha kuchoma kabla ya manyunyu hayo, katikati ya kiangazi kikali, kana kwamba mvua ikigusa konde kazi imeharibika. Subira ya wiki moja inakuondolea hatari nyingi.

Kuhusu saa, wako wanaopenda jioni kwa sababu upepo hulegea na umande wa usiku husaidia kuzima. Hoja yao ina uzito. Mimi hata hivyo nawashauri wakulima wa Pemba wachome asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, kabla upepo wa bahari haujaamka, na baada ya saa mbili mtu asiwashe biwi jipya. Sababu yangu ni watu. Jioni giza huingia haraka, Magharibi ikiadhiniwa watu huondoka kwenda kusali, na moto hubaki na mtoto au hubaki peke yake. Ramadhani inapoangukia Februari au Machi hatari huzidi: wasaidizi wana kiu na uchovu, na wakati wa kufuturu hakuna anayebaki kondeni. Vivyo hivyo Ijumaa, usiwashe kitu ambacho hakitakuwa kimezimwa kabla ya watu kwenda msikitini.

Wapate watu watano au sita wazima, wa ujima au wa kulipwa, na kila mmoja ajue amesimama wapi. Maji yaletwe jana yake, si siku hiyo: kwa kila biwi madumu mawili ya lita 20, na mengine ya akiba. Pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa ni msaada mkubwa sana, lakini ioshwe vizuri kwanza, kwa sababu mabaki ya dawa mengine hushika moto na mengine hutoa moshi wa sumu. Wawe na majembe, mapanga na matawi mabichi yenye majani mengi ya kupigia moto unaotambaa. Mavazi yawe ya pamba, mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu. Mama anayefanya kazi kondeni aweke kando buibui na shungi la nailoni, avae kanga au kitambaa cha pamba na akifunge vizuri mwilini; nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Rusha vumbi au majivu baridi hewani uone upepo unakwenda wapi. Kama matawi madogo ya miti yanayumba mfululizo, ahirisha. Ukiwasha, anza na biwi la mwisho kule upepo unakoelekea, ili eneo hilo liungue kwanza na liwe kizuizi, kisha urudi biwi moja moja kinyume cha upepo. Kwenye mteremko anza juu, ushuke. Moto hupanda kilima kwa kasi kubwa sana, kwa sababu mwali unaegemea majani ya juu yake na kuyakausha kabla haujayafikia. Moto unaoshuka huenda polepole na unaweza kutembea nao. Mtu asisimame upande wa juu wa biwi linalowaka. Usiwashe la pili mpaka la kwanza limeshuka na kuwa makaa. Wala usiwashe ukiwa peke yako, hata kama biwi ni dogo.

Moto ukivuka kinga, watu wawili wauzime kwa matawi na pampu kutoka nyuma na pembeni, wasikimbilie mbele yake. Usipozimika katika dakika chache, mmoja apige simu zimamoto na kwa sheha hapo hapo, wengine waende kuwatoa watu na mifugo. Weka namba hizo kwenye simu siku moja kabla. Mtu akiungua, mwagilie jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake asali, dawa ya meno wala majivu. Mfunike kitambaa safi, mpeleke hospitali ya karibu yako, iwe Chake Chake, Wete, Micheweni au Abdalla Mzee pale Mkoani.

Kuzima ni kazi kuliko kuwasha

Moto mwingi unaoleta maafa si ule ulioshindikana wakati wa kuwaka. Ni ule uliodhaniwa umekufa. Mizizi ya mnazi ni lundo la nyuzi, na moto huingia humo ukatulia bila moshi, ukaibuka siku ya pili au ya tatu Kaskazi ikikaza. Mwaka 1997 nchini Indonesia, nchi ambako karafuu zetu zina asili, mioto iliyowashwa kusafisha mashamba wakati wa ukame wa El Niño iliingia kwenye ardhi ya mboji, ikawaka chini kwa miezi, na moshi wake ukafunika mpaka Singapore na Malaysia. Pemba haina mboji ya kina kama ile, lakini chini ya msitu na kwenye visiki vya zamani moto hujificha kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo fumua kila biwi kwa jembe, mwaga maji, koroga, mwaga tena mpaka iwe tope. Kisha geuza mkono, uelekeze mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kuyagusa, upite polepole juu ya biwi zima na kwenye kila kisiki. Mgongo wa kiganja huhisi joto dogo ambalo jicho halilioni. Palipo na joto, fukua. Rudi alasiri, rudi kesho yake, na kama kuna visiki vya mnazi rudi na siku ya tatu. Kinga moto usiiguse mpaka siku hizo zipite.

Baada ya hapo haraka ni yako. Majivu yatawanye kwa chepe kwenye konde lote, membamba, siku isiyo na upepo, na uyachanganye kidogo na udongo kabla ya mvua kubwa. Lundo la majivu mahali pamoja huunguza mizizi. Matawi madogo na nyasi ulizoziacha zipange kwa mistari inayokata mteremko, ili maji yapungue mwendo. Panda kunde au choroko mara tu mvua zinapokubali, zifunike ardhi na zirudishe naitrojeni iliyopaa. Mashimo ya mikarafuu yachimbwe mapema, sentimita 60 kila upande, umbali wa mita 8 hadi 9 kutoka shimo hadi shimo, yasichimbwe mahali pa biwi. Panda migomba karibu nayo, kwa sababu mche wa mkarafuu hauwezi jua kali. Ukishausimamisha mche, konde hilo lisiingie moto tena. Palilia kwa mkono na jembe, na majani yaweke shinani, yakiwa yameachana kidogo na gome.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu wakati huo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi za Zanzibar. Mche unaoupanda masika haya utauchuma baada ya miaka sita au saba. Ukiuona moshi kwenye konde la jirani mwezi wa Februari, usingoje akuite. Chukua dumu la maji uende.